Nimeenda Ujerumani nikakuta ua la kwetu dirishani

Watu wakijua nimesoma Ujerumani semista moja maswali ni yale yale, la kwanza baridi, la pili ubaguzi, la tatu ni la mashangazi peke yao: sasa umerudi kufanya nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu maua. Na mie nikikumbuka ile miezi kinachonijia mwanzo sio makasri wala treni, ni kikopo cha mtindi kilichokaa kwenye dirisha la bibi mmoja wa Kijerumani, kimeandikwa TANGA kwa makapeni.

Jana umeme umekatika toka saa moja usiku, bando nalo limeisha, nikabaki napitia picha kwenye simu yangu ya zamani, ndo stori yote ikarudi. Ngoja niiandike kabla uvivu haujanishika.

Ilikua 2024, niko mwaka wa pili, nasoma jiografia chuo kimoja hapo Dar, nikapata ufadhili wa Erasmus+ kwenda semista moja Bayreuth. Ni mji mdogo tu wa huko Bavaria, watu kama elfu 74 hivi, Wagner, yule mtunzi wa opera, ndo kaufanya ujulikane. Jina lake wenyewe wanalisoma Bairoit, mama yangu mpaka kesho anasema Beiruti, na kwa kuwa mama ndo alikua mtangazaji wa habari zangu mtaani basi majirani wote wa Ngamiani pale Tanga walijua nimepelekwa Lebanoni. Mama mdogo kapiga simu analia, "mwanangu kule si kuna mabomu, huo usomi gani huo?" Nikamwelezea wee, akaniambia haya Mungu akulinde na hayo mabomu.

Nimefika tarehe 2 mwezi wa 4, kumi la mwisho la Ramadhani. Kutoka Frankfurt unapanda treni mpaka Nuremberg alafu unabadilisha, mi kichwani nimeshajazwa kwamba Mjerumani na saa ni ndugu wa damu, treni ikachelewa dakika 50, ya kuunganisha ikaniacha, nikabaki Nuremberg stesheni na mabegi mawili na swaumu. Watu pembeni yangu wala hawakushtuka, wameshazoea, mzee mmoja kanitizama kanionesha ubao kacheka tu. Jua likazama saa moja na dakika 45 nikafuturu kwenye benchi, tende nilizotoka nazo nyumbani na chapati iliyokauka mpaka ikawa kama kadi ya mwaliko. Na nikuambie ukweli, mpaka leo sijala futari tamu kama ile.

Wiki ya kwanza kukawa na joto, yani jua hasa, watu wamelala kwenye majani bustanini wamevua mashati. Nikampigia mama nikamwambia hawa watu wa mitandaoni waongo, baridi iko wapi? Koti nililonunua Mchikichini nikalitupa uvunguni. Wiki mbili baadae mwezi wa 4 huo huo naamka asubuhi nje kweupe kama wamemwaga unga wa sembe. Wenyewe wana msemo wao kwamba Aprili inafanya inachotaka. Nikalivuta koti uvunguni kwa heshima zote.

Nilikua napanga na wanafunzi wenzangu wawili kwenye nyumba ya ghorofa, mmoja msichana wa Kijerumani na mwingine Mhispania, kila mtu na chumba chake, jiko moja. Chini yetu anaishi bibi mmoja wa miaka 81, mjane, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na yeye ndo serikali ya lile jengo ingawa nyumba sio yake. Kuna zamu ya kufagia ngazi. Kuna pipa la karatasi, pipa la mabaki ya chakula, mfuko wa njano wa plastiki, na taka zingine, alafu chupa za glasi unazipeleka barabarani kwenye makontena kwa rangi, nyeupe huku, kijani huku, na USIZIPELEKE JUMAPILI maana zinapiga kelele zikidondoka na Jumapili ni kimya. Hayo yote nimefundishwa na bibi. Nilikosea mara moja, nikaweka boksi la maziwa kwenye karatasi (lina plastiki ndani, mie ntajuaje?), nikarudi jioni nimelikuta limewekwa mlangoni kwangu juu ya zulia, limeoshwa.

Basi mi nikamuogopa. Lakini nimelelewa Tanga, huwezi kupishana na mtu mzima kwenye ngazi ukapita kama gogo, kwaiyo kila nikikutana nae namsalimia kile Kijerumani changu cha wiki mbili. Pale Bavaria hawasemi guten Tag sana, wanasema Grüß Gott, yani Mungu akusalimu, ukiingia hata chumba cha kusubiri kwa daktari unawatupia wote. Nikaona ahaa, kumbe hawa wanasalimiana. Siku moja nikamwambia bibi kwetu mkubwa anaamkiwa shikamoo na yeye anaitika marahaba. Hana Kiingereza hata cha kuombea maji, mi Kijerumani changu cha kubangaiza, tunaongea kwa ile programu ya kutafsiri kwenye simu. Akaipenda. Nikamuongezea na ile ya wazee wetu, kwamba mtoto akikupita bila kukuamkia wewe unamuitikia hivyo hivyo kwa sauti, "MARAHABAA!", mpaka aone aibu arudi. Nimejuta kumfundisha. Toka siku hiyo nikishuka mbio mbio nimechelewa kipindi nasikia mlango wa chini unafunguliwa, "MALAHABAAA!", narudi ngazi tatu nyuma natoa shikamoo alafu ndo nakimbilia basi.

Sasa kuhusu ua. Mwezi wa 5 mwanzoni bibi kaniita nimsaidie kushusha boksi juu ya kabati, nimeingia kwake mara ya kwanza, dirisha lote la sebuleni limejaa vijungu vya maua ya zambarau na ya waridi na meupe, majani yana manyoya laini kama sikio la paka. Nikayasifia. Akafurahi akataja jina, Usambaraveilchen. Nikamwambia rudia. Usam-bara-veilchen. Usambara? Usambara. Nikatoa simu nikafungua ramani nikamuonesha, hii hapa Tanga, kwetu, hii hapa milima ya Usambara, ukiwa Muheza unaiona kwa macho. Bibi akavaa miwani. Alikua ameotesha yale maua zaidi ya miaka 50, mama yake nae alikua nayo, siku zote anajua Usambara ni jina tu la ua kama vile waridi ni waridi. Kumbe ni mahali na kuna watu wanatoka huko na mmoja anaishi juu ya dari lake na haoshi maboksi ya maziwa.

Usiku ule sijalala, nimesoma. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, baron mmoja anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona yale maua huku kwetu akamtumia baba yake Ujerumani, mwaka uliofata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina la kisayansi Saintpaulia, yani kwa jina la yule baron. Basi yakasambaa dunia nzima, supamaketi ya Bayreuth yapo pale mlangoni karibu na malipo, unanunua kama unavyonunua mchicha. Mie nimezaliwa Tanga, nimesoma jiografia, nimeandika insha ngapi za milima ya tao la mashariki, sijawahi kuliona hilo ua wala kujua lipo. Nimeenda kuoneshwa na bibi wa Kijerumani ambae nae alikua hajui. Nilicheka, lakini nikasikia na kitu kingine hapa kifuani ambacho sio kicheko, siwezi kukielezea vizuri.

Bibi akanichumia jani moja. Akaliweka kikonyo chake kwenye glasi ya maji, baada ya wiki kadhaa likatoa mizizi kama nyuzi, akalihamishia kwenye kikopo cha mtindi chenye udongo, akaniambia niandike jina. Nikaandika TANGA. Na masharti yake: maji unaweka kwenye sahani chini, linanyonya lenyewe, ole wako umwagie kwenye majani, yataota madoa. Kila siku ananiuliza, kutoka chini? Namjibu kutoka chini, bibi.

Kingine nilichoenda kukikuta kule ni Kiswahili. Chuo cha Bayreuth kina masomo ya Kiswahili miaka mingi, na kila mwaka wanafanya kongamano la Kiswahili, lipo toka miaka ya 1980. Mi nilijiandikisha kuwa mtu wa kuongea na wanafunzi wanaojifunza, nikasema hii rahisi, sie watu wa Tanga si tunajiona lugha imezaliwa uani kwetu. Siku ya kwanza tu kijana mmoja ana ndevu nyekundu kaniuliza kwa adabu zote, "Dada, kwa nini mnasema nimekula, si nimela, lakini mnasema sili, si sikuli?" Nikatabasamu. Nikatizama dari. Nikamwambia ndo ilivyo. Msichana wa pembeni akanisaidia, "kwa sababu ni kitenzi cha silabi moja, kinabakiza ku." Nilitamani ardhi ipasuke. Alafu nikiongea kawaida wananisimamisha, "nasomaga" iko wapi kwenye kitabu? Haipo. "Ntakuja"? Haipo. Nikajikuta usiku nasoma sarufi ya lugha niliyonyonya nayo, na maelezo ya chini yako kwa Kijerumani.

Na kwenye lile kongamano wakaja watu wa Nairobi, wa Zanzibar, wa Ulaya huko, na mhadhiri mmoja wa Dar ambae ofisi yake ikawa, tumekaa tunapiga stori, iko jengo la pili kutoka hosteli niliyokua nakaa. Miaka miwili nimepita mlangoni kwake kwenda kununua chipsi sijawahi kumuona. Tumekutana Bayreuth kwenye chai. Akaniambia haya ndo maajabu ya usomi binti yangu, kula keki hiyo.

Halafu yale maneno. Natembea siku za mwanzo naona bango Schule, nikacheka peke yangu barabarani, maana shule tumeichukua kwao. Hela nayo, wenyewe walikua na Heller, zile senti za rupia ya wakati wao huku kwetu. Bibi nilipomwambia kwamba Tanzania nzima inasema hela akakaa kidogo akasema, sisi tumeiacha zamani sana. Nikamwambia sie hatujaiacha, ila nayo haikai kwetu.

Kuhusu hela, chupa! Kule ukinunua maji ya chupa ya plastiki unalipia na senti 25 za chupa, ukirudisha unaitumbukiza kwenye mashine inakupa karatasi, unaenda kukatwa kwenye malipo. Wanafunzi wa Ulaya wananielezea kama vile ni teknolojia ya mwezini, nikawaambia kwetu Mangi wa dukani anafanya hivyo toka sijazaliwa, hubebi soda bila kuacha chupa, na Mangi hana mashine, ana daftari na macho. Ila hesabu zilinitesa. Senti 25 ilikua karibu shilingi 700, nauli ya daladala Dar ilikua 600. Kwaiyo kila chupa tupu nikiiona imelala kwenye majani mi naona nauli ya Ubungo imelala. Niliokota, sioni aibu kusema.

Sasa nikuambie ya pilau. Idi kubwa ile ya 2024 iliangukia Jumapili tarehe 16 mwezi wa 6, na Jumapili Ujerumani maduka yote yamefungwa, yani ukisahau chumvi unakula bila chumvi. Jumamosi nikaenda kwa Mturuki nikapata nyama ya ng'ombe, mchele, mdalasini, iliki, karafuu, ila binzari nyembamba imeisha. Nikakimbilia supamaketi kabla hawajafunga, nikaona kipakti kimeandikwa Kümmel, picha ni mbegu zile zile nyembamba zimepinda kidogo, nikachukua viwili. Ijumaa yake Ujerumani wameifunga Scotland 5 kwa 1 mechi ya ufunguzi wa Euro, inachezwa kwao, mji mzima una bendera, kila mtu anacheka na kila mtu, mi nimebeba nyama yangu najisikia kama na mie nimeshinda.

Jumapili nikapika. Vitunguu vimekwenda rangi, nyama, thomu na tangawizi, nikatia ile mbegu, na hapo hapo nikajua kuna kitu hakipo sawa. Harufu sio ya pilau. Harufu ni ya mkate. Ule mkate wao mweusi wa kule. Nikatizama pakti, nikatafsiri, kumbe binzari nyembamba kwa Kijerumani ni Kreuzkümmel, hii Kümmel tupu ni mbegu nyingine kabisa ambayo wao wanatia kwenye mikate na kabichi. Nimekaa chini jikoni siku ya Idi nikataka kulia. Nampigia mama video anaona sufuria, "pilau limetoka rangi nzuri mwanangu!" nikanyamaza.

Wageni wakaja. Mhispania kala sahani mbili. Msichana wa Kijerumani kang'ata karafuu nzima, akaitoa kwa adabu kwenye tishu. Kuna kaka mmoja Mkenya anasoma pale shahada ya uzamivu, yeye kaonja kijiko akaniangalia muda mrefu, akasema, "hii pilau imekaaje?" nikamkanyaga mguu chini ya meza. Bibi tumemshika mkono kapanda ngazi, kavaa gauni la kutokea, kaleta keki ya tofaa. Akaonja. Akaweka kijiko chini, macho yakawa na machozi kidogo, akaongea maneno mengi kwenye simu, programu ikatafakari, alafu ikasoma kwa ile sauti yake ya roboti mbele ya watu wote: "Hii ina ladha kama nyama ya nguruwe ya kuoka ya mama yangu."

Siku ya Idi jamani. Kaka wa Kenya alitoka nje kabisa kucheka. Mie nikamwambia bibi asante, maana ukiliangalia lilikua ni sifa kubwa kuliko zote anazoweza kutoa, na mwaka ule wote hamna chakula nimepika kikamgusa mtu hivyo. Mama sijamwambia mpaka leo. Akisoma hapa shauri yake.

Ile mechi ya robo fainali ya tarehe 5 mwezi wa 7 dhidi ya Hispania niliangalia na Mhispania wangu kwenye bustani ya bia, mie na soda yangu ya tofaa. Wirtz wa Ujerumani kasawazisha dakika ya 89 watu wakanirushia bia mgongoni, alafu dakika ya 119 Merino wa Hispania kapiga kichwa, kukawa kimya kama msiba. Mwenzangu peke yake kasimama kashangilia nikamvuta shati akae, tutapigwa. Hawakutupiga. Simba na Yanga pale tungeondoka na bodaboda ya kukodi.

Berlin nilienda kwenye mapumziko ya Pentekoste, mie na yule kaka wa Kenya na wenzetu wawili, kwa tiketi ile iliyokua euro 49 kwa mwezi wakati ule ambayo hupandi nayo treni za mwendokasi, unadandia hizi za mikoani tu, kwaiyo safari ilituchukua kutwa nzima, tumebadilisha mpaka nikasahau tunatoka wapi. Wenzetu wanataka ukuta na lango la Brandenburg. Sawa, tumeona, tumepiga picha. Mi nilikua na sehemu zangu.

Ya kwanza jumba la makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, kumuona mjusi wetu wa Tendaguru, yani dinosaria. Sie wote tumemsoma shuleni kwamba yuko Ujerumani, lakini kusoma na kusimama chini yake ni mambo mawili, mita 13 na ushee kwenda juu, unatizama mpaka shingo inauma, na ukumbi mzima watoto wa Kizungu wanapiga kelele. Walimchimba Lindi kati ya 1909 na 1913, na mifupa zaidi ya tani 200 ilitoka Tendaguru mpaka bandarini kwa miguu, kwenye vichwa na mabega ya watu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, kuna mjusi mmoja wa kule mwaka 2007 wamempa jina kwa ajili yake, Australodocus bohetii. Nililitafuta jina la Boheti kichwani kwangu kwenye masomo yangu yote ya shule, halipo. Kaka wa Kenya kaniuliza sasa mtamdai? Nikamwambia tukimrudisha tutamkalisha wapi, akasema hiyo si hoja, mtu akikuibia kabati haulizi kama una chumba. Tumebishana mpaka kwenye treni ya chini ya ardhi, na mpaka leo naona alinishinda.

Ya pili ni Wedding, sehemu moja ya Berlin hiyo hiyo, kuna mitaa wanaiita mtaa wa Kiafrika, unashuka kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Nikatembea na ramani mkononi mpaka nikakikuta kibao, Tangastraße. Mtaa wa kawaida tu, nyumba, miti, baiskeli zimefungwa, mwanaume anatembeza mbwa. Kuna na Usambarastraße na Sansibarstraße. Nikasimama chini ya kibao nikapigwa picha, nikaituma kwenye kundi la familia, baba mdogo akajibu kwa sekunde: "Muulize huyo mwenye mbwa nyumba inapangishwa shingapi, ntasema natokea hapo." Kilichonikata furaha kidogo ni mtaa wa jirani, Petersallee, ambao ulipoanza kuitwa hivyo ulikua ni kwa ajili ya Carl Peters, yule wazee walimuita Mkono wa Damu. Baadae wakasema ni Peters mwingine, mwanasheria. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, mie nimesharudi, ule mtaa wakaubadilisha, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Na Neukölln, sehemu nyingine ya Berlin, uko mtaa uliokua wa Wissmann, toka 2021 unaitwa Lucy Lameck, yule mwanasiasa, mama yetu wa Moshi. Wissmann ndo aliyeendesha ile vita ya Wajerumani huku pwani, Abushiri aliyewapinga akanyongwa Pangani mwaka 1889. Pangani naenda kuogelea sikukuu. Sikutegemea kwamba historia ya Pangani ntaisomea Berlin nimekula döner.

Kuondoka nimeondoka mwisho wa mwezi wa 7, mji umeanza kujaa watu wenye suti na magauni marefu wamekuja kwenye opera za Wagner, kuna joto na wao wamejifunga tai. Kikopo sikuweza kusafiri nacho, mambo ya mimea uwanja wa ndege ni kujitafutia kesi, nikamrudishia bibi. Akakiweka katikati ya dirisha. Kwenye ngazi kanikumbatia, na watu wa kule hawakumbatii ovyo, akasema kitu sikukielewa na simu ilikua kwenye begi tayari.

Mwaka uliofata mwezi wa 5, masika yamekolea, nikasema sasa basi. Nikapanda gari mpaka Muheza, kutoka Muheza kwenda Amani barabara ni tope mpaka goti, bodaboda tumeisukuma zaidi ya tulivyoipanda. Kijana wa kutembeza wageni kanipeleka msituni karibu na mto, tumeteremka kwenye mawe, kanionesha kwa kidole. Mi naangalia sioni kitu. Kadogo sana. Kamejibana kwenye ufa wa jiwe lenye ukungu wa kijani, majani yale yale ya sikio la paka, viua vitatu vya zambarau. Mvua inakapiga, na maji mengine yanarushwa na mto, kamelowa chapachapa. Nikamuuliza kijana nyumbani wanakaitaje haka, akasema, "Dada, sie tunaita ua tu, wazungu ndo wanalipia kuliona."

Nikapiga picha, niliporudi kwenye mtandao nikamtumia mjukuu wa bibi kwenye WhatsApp. Jioni ikaja sauti. Bibi anaongea taratibu ili nielewe, na nilielewa kila neno: kazuri, lakini nani huyo anamwagia maji kwenye majani? Kutoka chini! Si nilikufundisha, kutoka chini!

Nikamjibu kwamba hamna mtu bibi, ni mvua.

Kukakaa kama dakika kumi, ikaja sauti nyingine fupi. Hamna Grüß Gott, hamna habari za huko, hamna mvua. Ni neno moja tu, kwa ukali, na hapo ndo nikakumbuka kwamba picha nimetuma lakini shikamoo sijatoa.

"MALAHABAAA!"